Wekundu wa Gari la Taifa

Nchi ya Mbwembweni haimo kwenye ramani yoyote, na ukimuuliza mwananchi wake mbele ya watu atakuapia kwamba hata yeye hajawahi kuisikia. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia hayakutokea mahali popote, na wote waliohusika wako salama na wanawasalimu.

Nchi hiyo ilipewa gari. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, jekundu kama pilipili iliyoiva, na fupi kiasi kwamba paka mnene asingepita uvunguni mwake bila kujikwaruza mgongo. Lilitolewa na taifa rafiki ambalo lilikuwa limechimba mlima mmoja wa Mbwembweni mpaka ukaisha, likaona si vizuri kuondoka hivi hivi. Gari liliposhushwa ikagundulika kwamba barabara zote za nchi zina mashimo, isipokuwa moja yenye matuta, na kwamba gari lenyewe haliwezi kuvuka hata tuta la mbele ya geti la Ikulu. Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu kujadili kulivunja tuta hilo. Likakumbushwa kwamba tuta lilizinduliwa na Mtukufu Rais Tandala mwenyewe kwa kukata utepe, hivyo ni sehemu ya historia. Gari likabaki ndani.

Mara moja kwa mwaka, Siku ya Uhuru, lilitolewa bandani na kuendeshwa hatua mia mbili na arobaini hadi jukwaa kuu katika uwanja wa Ikulu, kisha likarudishwa kinyumenyume kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kugeuza. Dereva wake alikuwa Sajini Mlekwa, mtu mrefu aliyelazimika kujikunja mara tatu ili aenee, mwenye nishani nne za udereva wa masafa.

Basi, gari lisiloendeshwa lina jambo moja tu la kufanyiwa, nalo ni kung'arishwa. Ndipo ilipoundwa Wizara ya Mng'aro, yenye Idara ya Maji, Idara ya Povu, Idara ya Vitambaa, na kitengo cha Kuzuia Ndege, ambao walikatazwa kwa sheria kuruka juu ya Ikulu wakiwa wameshiba.

*

Mashavu Ngwali hakuwa na habari na wizara hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye mikono mipana na maneno machache, aliyeosha magari chini ya daraja la mto kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na masharti yake na kila dereva wa teksi aliyajua. Haoshi gari juani. Hagusi gari kavu kwa kitambaa. Na dereva anayeweka begi lake juu ya boneti aende akaoshewe kwingine.

Siku walipomjia askari watatu alidhani wamefuata mambo ya kuchafua mto, akawaomba wangoje amalizie kusuuza teksi iliyokuwa na povu, kwa maana povu likikaukia kwenye rangi linaacha alama. Wakangoja. Mmoja wao alimshikia ndoo. Kisha wakampakia, wakampeleka Ikulu, na njia nzima hakuna aliyemwambia amekosa nini.

Mkosaji hakuwa yeye. Kwa miaka sita mfululizo wahitimu kumi na wawili wa Chuo cha Taifa cha Uoshaji walikuwa wakilisugua gari la nchi kwa madodoki na sabuni ya kufulia, kisha wakilikausha kwa bendera zilizotiwa wanga. Asubuhi moja Mtukufu Rais aliinama juu ya boneti kujitazama, kama ilivyokuwa desturi yake, akaona uso wake umezungukwa na mistari myembamba kama utando wa buibui. Daktari aliitwa, akamwandikia mapumziko. Siku ya pili utando ulikuwepo. Siku ya tatu Mtukufu akagundua kwamba Waziri wa Mng'aro, aliyekuwa ameinama kando yake, naye ana utando usoni. Hapo ikajulikana kwamba mgonjwa ni gari, na kwamba Waziri ana siku nne.

Waziri huyo, Mheshimiwa Lubango Fumbwe, alikuwa mtu wa mviringo aliyezungumza na kila mtu kana kwamba yuko kwenye mkutano wa hadhara. Alimpokea Mashavu kwa hotuba ya dakika arobaini, wakiwa wawili tu, akimwita "wananchi wenzangu." Mashavu hakusikia nusu yake. Alikuwa amechuchumaa, anapitisha ncha ya kidole kwenye mlango, na moyo wake ulikuwa unamuuma kama mtu aliyeona mtoto wa jirani amepigwa.

"Hamkuwa mnaliosha, Mheshimiwa," alisema. "Mlikuwa mnalipiga msasa."

Akaomba kivuli, ndoo mbili, glavu ya sufi, na watu wakae mbali. Watu hawakukaa mbali. Wizara nzima ilisimama kwenye mlango wa banda na madaftari mkononi. Mkurugenzi wa Povu akauliza kwa nini ndoo mbili, naye akaeleza kwamba moja ni ya shampuu na nyingine ni ya kusuuzia glavu, ili mchanga ulioutoa kwenye gari usiurudishe kwenye gari. Mkurugenzi akaandika: ndoo mbili, kwa heshima.

Alianza na maji matupu, kutoka juu kwenda chini, mpaka vumbi lote likaondoka lenyewe bila kuguswa. Akaosha, akasuuza, akakausha kwa kukigusisha kitambaa laini tu, bila kuburuta. Kisha akachukua polishi na kulisugua gari kipande kwa kipande, kila kipande ukubwa wa kiganja, kwa mkono mwepesi, akifuta utando mstari mmoja baada ya mwingine. Mwisho akapaka nta, akaingoja ikauke, akaifuta. Siku ya nne, wekundu ulipojitokeza mzima, mzito, wa kutia mate mdomoni, Sajini Mlekwa, aliyelilinda gari hilo miaka yote bila kuliona, alivua kofia.

Mtukufu Rais alikuja, akainama, akajiona. Hakukuwa na utando, wala mikunjo ya shingo. Akaomba aachwe peke yake. Baada ya saa nzima alitoka macho yakiwa mekundu, akamteua Mashavu kuwa Mng'arishaji Mkuu wa Taifa, akampa na sare yenye vifungo kumi na sita vya dhahabu. Mashavu aliivua papo hapo, kwa sababu vifungo vinakwaruza.

"Mtukufu," alisema, "sasa lisisuguliwe tena. Maji na nta, basi. Rangi ya gari ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kila ukilisugua unaipunguza."

Mtukufu alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu anayewaza jambo lingine.

*

Jambo lingine lilitangazwa Jumatatu, likaitwa Waraka wa Mikono Miaminifu. Kuanzia siku hiyo, yeyote anayetaka cheo, anayetaka kubaki na cheo, au anayetaka kusamehewa cheo alichokuwa nacho, atalisugua gari la taifa kwa mkono wake mbele ya mashahidi wawili.

Foleni ilifika getini kabla ya chai. Wakuu wa mikoa walikuja na polishi zao wenyewe. Majaji walisugua wakiwa wamevaa majoho. Mtu mmoja aliyekuwa ameteuliwa balozi wa nchi ya baridi alisugua sehemu moja ya mlango tangu asubuhi hadi adhuhuri, bila kula, akabadilishiwa akapelekwa nchi ya joto. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana amesugua kwa mkono mwepesi kuliko aliyemtangulia, kila mmoja alikandamiza zaidi, hadi banda zima likawa na sauti kama ya mashine ya kukobolea mpunga.

Mashavu alisimama kando na kitambaa chake, akiwaomba wapunguze nguvu. Walimwona kama mtu anayewakatisha sala. Akaandika barua wizarani. Baada ya wiki tatu ilirudi na mihuri mitano na jibu lililosema: Barua yako imepokelewa, imesuguliwa, na imeonekana haina doa.

Kulikuwa na fundi rangi mjini aliyekuwa na kidude cha kupimia unene wa rangi, ukikigusisha kwenye bati kinakupa namba. Mashavu alikiazima. Siku ya kwanza kilisema mia moja na ishirini. Mwezi uliofuata tisini. Mwezi mwingine hamsini na tano, na hapo alikwenda mwenyewe kwa Waziri, akakiweka mezani. Mheshimiwa Fumbwe alikitazama kidude kile kwa huzuni. Akamweleza kwamba rangi ya taifa haipungui. Kinachopungua ni imani ya anayeipima. Kidude kikachukuliwa kwenda kuhakikiwa uzalendo, kikarejeshwa baada ya siku kumi kikiwa kimechomelewa. Sasa kilisoma mia moja na ishirini mahali popote. Sajini Mlekwa alijigusisha nacho kwenye paji la uso, naye akawa mia moja na ishirini.

"Angalau mimi bado niko vizuri," alisema, na ndiyo mara ya kwanza Mashavu alicheka ndani ya banda lile.

Kisha vitambaa vikaanza kutoka vyekundu. Wasuguaji walifurahi mno. Waliona gari limewajibu. Kila mtu aliondoka na kitambaa chake, akakibandika kifuani kwa pini, na wenye vifua vyekundu wakawa hawapangi foleni benki. Ijumaa moja, kwenye madigadi ya kulia, ilijitokeza alama ya kijivu ukubwa wa kifungo cha shati. Ilikuwa rangi ya chini, ile inayopakwa kabla ya rangi yenyewe. Jumatatu ilikuwa kama sahani. Kufikia msimu wa maembe gari zima lilikuwa la kijivu, isipokuwa mstari mwembamba chini ya kioo cha nyuma ambako mikono mifupi ya viongozi haikufika.

Gazeti la serikali liliandika juu ya wekundu uliokomaa. Redio ikafafanua kwamba wekundu wa zamani ulikuwa wa kitoto. Vitabu vya darasa la kwanza vilirekebishwa, ukurasa wa nyanya ukawa na nyanya za kijivu, na taa nyekundu pekee ya barabarani mjini ikabadilishwa kioo. Madereva hawakupata shida yoyote, kwa kuwa hata ile ya zamani walikuwa hawasimami.

*

Mambo yangeendelea hivyo kwa raha kama lile taifa rafiki lisingeandika barua. Lilipenda kumtuma mjumbe wake kwenye sherehe za miaka ishirini na mitano ya Uhuru, baada ya wiki nne, na mjumbe angefurahi sana kupigwa picha na lile gari jekundu. Neno "jekundu" lilikuwa limepigiwa mstari.

Wizarani hapakulika chakula. Karani mmoja alipendekeza gari lipakwe rangi upya, akahamishiwa siku hiyo hiyo kwenye mnara wa kuongozea meli katika wilaya isiyo na bahari. Kulipaka rangi nyekundu kungekuwa kukiri kwamba si jekundu. Mheshimiwa Fumbwe alijifungia ofisini, na alipotoka alikuwa ametulia kabisa, jambo ambalo Sajini Mlekwa hakulipenda. Kesho yake Sajini alimwita Mashavu nyuma ya banda, wakakaa juu ya matairi ya akiba kula mihogo ya kuchoma, na baada ya kusafisha koo mara tatu akamwambia alichokiona kwenye meza ya Waziri. Ilikuwa hati ya kukamatwa. Jina lilikuwa la Mashavu, kosa lilikuwa kuiba wekundu wa taifa, na kilichobaki ni sahihi ya Mtukufu.

"Ondoka, dada Mashavu. Una ndugu zako huko mpakani."

"Nikiondoka watasema nimeondoka nao huo wekundu." Alitafuna polepole. Kisha akatazama ndani ya banda, akauliza, "Sajini, chini ya hiyo kijivu kuna nini?"

"Bati."

"Bati gani?"

Sajini hakujua. Wakatoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, wakaipachika mlangoni. Ikaanguka. Wakaipachika kwenye boneti, ikaanguka tena. Mashavu aliiokota, akaigeuza mkononi, na taratibu uso wake ukafunguka, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesugua sufuria zake za alumini kwa mabaki ya polishi ya wateja, na alijua zinavyokuwa.

Alikwenda kwa Waziri kuomba mambo mawili. La kwanza, asafishiwe njia: mpaka siku ya sherehe mtu mwingine asiliguse gari. La pili, siku hiyo wote watakaohudhuria wavae nguo nyekundu kuanzia kichwani hadi miguuni, wapangwe karibu na gari, safu nyuma ya safu, pande zote. Waziri alimkazia macho, akauliza kwa nini. Mashavu akajibu kwamba ni kwa heshima ya gari. Sababu hiyo hakuna mtu Mbwembweni aliyewahi kuikataa, na Waziri naye alipiga mahesabu yake kwamba mambo yakiharibika hilo litakuwa kosa la pili la Mashavu. Akasaini.

Kwa wiki tatu na nusu Mashavu alifanya kile alichowakataza wengine mwaka mzima. Aliisugua kijivu ikaisha. Akasugua bati, kwanza kwa msasa laini na maji, kisha kwa polishi kali, kisha kwa polishi laini, kisha kwa kitambaa kitupu, huku Sajini Mlekwa akimbadilishia maji na kumsimulia jinsi alivyopata nishani ya pili. Kila siku gari lilionekana kidogo zaidi. Mwishoni halikuonekana kabisa. Ulichoona bandani ni paa, ukuta, na miguu yako mwenyewe. Sajini alijigonga goti mara mbili.

*

Siku ya Uhuru walikuja watu elfu nne, wekundu wote. Walikuja na kanga, blanketi, sweta za shule, jezi za mpira na mapazia ya sebuleni. Askari walivalishwa fulana nyekundu juu ya sare. Mjumbe wa taifa rafiki alipewa joho jekundu lililomburuza. Mtukufu Rais peke yake alivaa nyeupe, kama kawaida yake, maana nani angethubutu kumwambia avae kama watu.

Sajini Mlekwa alijikunja mara tatu, akawasha gari. Hatua ishirini za kwanza lilikuwa rangi ya nyasi. Zilizofuata lilikuwa rangi ya mawingu. Mheshimiwa Fumbwe alifumba macho na kuigusa hati iliyokuwa mfukoni mwake. Halafu gari likaingia katikati ya watu, na wekundu ukalipuka.

Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Ulikuwa wekundu wenye uhai, unaopumua, unaotembea mlangoni na kumiminika kwenye boneti, wenye vivuli vya damu ya mzee na vya nyanya na vya jua la kuzama. Umati uliguna wote kwa pamoja. Mjumbe alilizunguka gari mara mbili, akasema kiwandani kwao hawajui kupaka rangi namna hiyo, na akauliza imepakwa mara ngapi.

"Mara elfu nne," alisema Waziri, ambaye alikuwa amefumbua macho na hajui asemalo.

Picha zikapigwa. Bendi ikapiga. Mashavu, katika kanga yake nyekundu kando ya mlango wa kushoto, alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili ili asipige kigelegele.

Kisha Mtukufu akaanza kuhutubia. Alihutubia saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjumbe aliondoka kuwahi ndege. Saa ya nne jua lilikuwa utosini, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanyanyuka kwenda kutafuta maji. Alipoondoka, kipande cha wekundu kikatoka mlangoni. Mama akakiona. Akasimama, akarudi hatua moja, wekundu ukarudi. Akaenda kushoto, wekundu ukaenda kushoto. Akaanza kucheka.

Jirani yake akajaribu. Akainua mkono, na gari la taifa likainua mkono. Safu ya mbele ikayumba kulia, safu ya pili ikayumba kushoto, na punde watu elfu nne walikuwa wanaupeleka wekundu wa nchi huku na huko, wanausukuma mpaka kwenye taa za nyuma na kuurudisha, wanaupandisha kwa kusimama na kuuzima kwa kuinama, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Askari nao walicheza. Jaji mmoja alipanda juu ya kiti ili aonekane kwenye paa la gari.

Mtukufu aliacha kuhutubia. Hakuna aliyegundua. Walipochoka walikumbuka njaa, wakaanza kwenda nyumbani kimakundi, bado wanacheka, na kila kundi liliondoka na sehemu yake. Boneti ilibaki nusu. Mlango mmoja ukapauka. Mtukufu aliagiza geti lifungwe, lakini wa kulifunga walikuwa wameshatangulia.

Mheshimiwa Fumbwe alipiga magoti akatoa hati. Mtukufu akaisoma, akaisoma tena.

"Kuiba wekundu wa taifa," alisema. "Uliibwa lini?"

Waziri alifungua mdomo. Akiutaja mwezi, basi hotuba zote za Mtukufu tangu mwezi huo zilikuwa za uongo. Akisema haujaibwa, hati haina kosa. Alibaki na mdomo wazi, na nzi akaingia na kutoka. Mtukufu alimgeukia Mashavu, na kwa mara ya kwanza alimuuliza kitu akitaka kweli kujua.

"Mama, rangi yangu iko wapi?"

Mashavu alitazama geti, ambako mgongo wa mwisho wa umati ulikuwa unavuka tuta.

"Inakwenda nyumbani, Mtukufu," alisema. "Haijala tangu asubuhi."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaufuata umati, na mlango wa kushoto ukamsindikiza kwa mstari mwekundu uliozidi kuwa mwembamba hadi ukaisha. Alipofika getini alisikia nyuma yake Sajini Mlekwa akijikunjua, akiuliza kama alirudishe gari bandani. Mtukufu akamuuliza Sajini, kwa sauti ndogo, sasa hivi gari ni rangi gani.

Sajini aliliangalia gari mbele na nyuma, kwa uangalifu wa mtu mwenye nishani nne.

"Kwa sasa, Mtukufu, ni rangi ya viti."

Mtukufu Rais akatazama viti. Vilikuwa elfu nne, vya plastiki, vya buluu.